Hatimiliki Mbele ya Kamera: Uwakilishi katika Filamu ya Gasland

Gasland (2010), filamu ya hali halisi ya Josh Fox, inaanzia kwenye barua. Kampuni ya gesi inataka kukodi ardhi ya familia yake huko Pennsylvania kwa karibu dola 100,000. Kabla ya kujibu, Fox anasafiri hadi Colorado, Wyoming na Texas, akiwatembelea watu ambao tayari wanaishi kando ya visima, na anaonyeshwa maji ya bomba yanayoshika moto. Wakosoaji wamebishana sana kuhusu chanzo cha moto ule. Mimi nashughulishwa na barua, kwa sababu ndiyo iliyochagua nani asikike.

Nchini Marekani mtu binafsi anaweza kumiliki gesi iliyo chini ya shamba lake, jambo ambalo sheria za Tanzania na Kenya haziruhusu. Anayeandikiwa, basi, ni mwenye hatimiliki. Mpangaji na kibarua wa shambani hawaandikiwi, ingawa kisima chao ni kilekile. Filamu inayoifuata barua hiyo itaishia, hata bila nia mbaya, katika sebule za wamiliki ambao wengi wao ni wazungu.

Dosari hii inajidhihirisha Pavillion, Wyoming. Wafugaji wa hapo wanazungumza kwa uchungu wa kweli, na sina haki ya kuupunguza. Lakini Pavillion imo ndani ya mipaka ya awali ya Hifadhi ya Wind River, makao ya Waindio wa Eastern Shoshone na Northern Arapaho. Sheria ya mwaka 1905 iliifungua sehemu hiyo kwa walowezi, na hadi 2017 mahakama ya rufaa ilikuwa bado inaamua kama sheria hiyo iliipunguza hifadhi, ikasema ndiyo. Hati inayomfikisha mfugaji mbele ya kamera ina historia yake ya unyang'anyi. Asiyeitaja historia hiyo anamfanya mlowezi aonekane mtu wa kwanza kuharibiwa makazi pale.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuongeza nyuso za Waindio, weusi na Walatino. Naiona haitoshi: mgeni anayekaribishwa ndani ya hadithi ya mwingine hujibu maswali ya mwenyeji. Linalopaswa kubadilika ni swali lenyewe. Upasuaji wa miamba kwa shinikizo la maji, njia ambayo kampuni kama hizo hutumia kutoa gesi, huzalisha maji machafu mengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu eneo la Eagle Ford, kusini mwa Texas, ulionyesha kwamba visima vya kuyatupia vimewekwa zaidi katika maeneo ya watu wasio wazungu na ya maskini. Hao hawakuombwa saini yoyote. Swali mbadala tayari lipo: mwaka 1982, huko Warren County, North Carolina, wakazi, wengi wao weusi, walilala barabarani kuyazuia malori ya udongo wenye sumu. Tangu hapo vuguvugu la haki ya mazingira limekuwa likiuliza taka zinaishia kwa nani. Mwongozaji anayeanza na swali hilo angelifuata lori la maji machafu hadi linakomwaga, na angeanza kurekodi huko.