Boti ya zamani inauzwa, inahitaji matengenezo: somo la Mimi, Toutou na Liemba

Boti ya mwendo wa kasi, ile ambayo wakaaji wengi wa Ziwa Tanganyika wanaiita kanoti rapide, ikizeeka inafanyiwa hesabu haraka. Mnunuzi anauliza kama motere ingali inawaka. Kama haiwaki, bei inaanguka. Mara nyingi motere inatolewa na kuuzwa peke yake, na mbao zinabaki kwenye mchanga hadi mtu mwenye kutafuta kuni azibebe. Haulizi mtu boti iliundwa wapi, mwaka gani, wala ilifanya kazi gani. Lakini ziwa hili lina historia inayoonyesha kwamba maswali hayo yana thamani, hata ya feza.

Boti za mwendo wa kasi zinazojulikana kupita zote katika historia ya Tanganyika ni mbili: Mimi na Toutou. Ziliundwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft kwa ajili ya mteja mwingine kabisa, jeshi la anga la Ugiriki, lililozitaka kwa kuhudumia ndege zake za majini. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, jeshi la majini la Uingereza likazichukua. Zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, za mbao, na motere mbili za petroli kila moja. Ziliweza kukimbia karibu kilometa 35 kwa saa. Kwa wakati ule, hakuna chombo cha Wajerumani ziwani kilichoweza kuzikimbia.

Komanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa. Akaleta majina Mimi na Toutou, nao wakakubali, bila kujua kwamba katika Kifaransa cha mitaani majina hayo yanatoa maana ile ile. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike: “Mimi” huyo hana uhusiano na neno letu.

Boti hizo ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town. Toka hapo zilipandishwa treni, zikapita Bulawayo na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, hadi Fungurume, mahali reli ilipoishia. Mbele yake kulikuwa na pori na milima ya Mitumba. Kilometa zaidi ya 200 hadi Sankisia zilipitwa kwa kuvuta: trakta za mvuke, ng’ombe, na mamia ya Wakongomani waliokata miti, kutengeneza njia na kujenga madaraja. Trakta zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Toka Sankisia treni ndogo ilizifikisha Bukama, mto Lualaba ukazipeleka hadi Kabalo, na reli nyingine ikazileta Lukuga, karibu na mji wa Kalemie wa leo. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Oktoba 1915.

Vitabu vingi vinataja jina la komanda na vituko vyake. Majina ya wale waliozivuta boti juu ya mlima hayasikiki.

Boti ziliteremshwa majini siku chache kabla ya Noeli. Tarehe 26 Disemba 1915 zilipambana na meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, zikaikamata. Mapigano yalikwisha kwa dakika chache. Kingani ikatengenezwa na kupewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani wakabaki na chombo kimoja kikubwa: Graf von Götzen.

Hapa ndipo hadithi ya vita inageuka kuwa hadithi ya matengenezo.

Mimi na Toutou zilikuwa kali, lakini nyepesi. Mzinga wa mbele uliweza kupigwa kuelekea mbele tu, maana ukipigwa kwa upande, mshindo wake ungeweza kuharibu boti yenyewe. Hii ndiyo tabia ya boti ya kasi ya mbao, ya zamani na ya leo: mbao nyembamba kwa ajili ya wepesi, motere yenye nguvu kupita uzito wa mwili wake. Inakwenda vizuri mikononi mwa mwenye kuitunza. Ikiachwa kwenye jua, mbao zinakauka na maungo yanafunguka. Ikiachwa majini bila rangi, zinaoza toka ndani. Vita vilipokwisha, hakuna aliyezitunza ili ziendelee kubeba abiria au samaki. Kalemie haina hata moja ya kuonyesha watoto wa shule.

Götzen ilipata njia nyingine. Ilikuwa meli ya chuma ya karibu mita 67, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa katika masanduku 5000 hivi na kuunganishwa tena Kigoma. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kukimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka motere zake mafuta mazito ili maji yasizile. Walitumaini kurudi siku moja. Hawakurudi, lakini kazi yao haikupotea.

Wabeleji waliinua meli hiyo, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta motere na maboila bado vinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa. Mwaka 1997 ilikuwa Liemba iliyowarudisha maelfu ya wakimbizi Wakongomani toka Kigoma. Mwaka 2015 ikaokoa Warundi waliokwama Kagunga. Hayo yote kwa sababu ya mafundi waliotumia muda wao wa mwisho kupaka mafuta, badala ya kuvunja.

Kuna boti ya tatu katika habari hii, nayo inagusa zaidi suala la kuuza. Vita vya ziwa letu vilimpa Mwingereza C. S. Forester wazo la riwaya aliyoitoa mwaka 1935, kuhusu boti ndogo mbovu inayokwenda kupambana na meli ya Wajerumani. Mwaka 1951 John Huston aliigeuza filamu, The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu ya picha zilichukuliwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, katika jimbo la Tshopo. Nyingine zilichukuliwa Uganda.

Moja ya boti za filamu hiyo ilikuwa ya mwaka 1912, iliyoundwa Lytham, Uingereza, kwa kazi za upande wa Ziwa Albert. Baada ya kazi nyingi iliuzwa mwaka 1968 ikiwa imechoka, ikavushwa hadi Marekani. Ikapita mikono kadhaa. Mwaka 1982 mwanasheria Jim Hendricks aliinunua na kuipeleka Key Largo, Florida. Mwaka 1992 iliandikwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya mali za kihistoria, na mwaka 2012 ikafanyiwa matengenezo makubwa. Leo inabeba watalii wanaolipa. Chuma chake peke yake kingekuwa na bei ndogo. Walionunua walilipia jina, mwaka na ushuhuda wa kazi iliyoifanya.

Kwa mwenye boti ya zamani huku kwetu, somo ni wazi. Asitenganishe motere na boti kabla ya kutafuta mnunuzi wa vyote viwili. Boti iliyobaki na motere yake ya kwanza ina heshima ambayo boti tupu haina. Atafute bamba la kiwanda na namba iliyochongwa, asivifute kwa rangi. Aandike kwenye karatasi: iliundwa wapi, ilinunuliwa na nani, ilipita bandari gani, fundi gani aliigusa. Picha za zamani za familia au za misioni ziende pamoja na karatasi hiyo.

Asifiche ubovu pia. Mnunuzi anayejua atachoma mbao za chini kwa ncha ya kisu, na ikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, atajua zimeoza. Ni afazali muuzaji aseme mwenyewe: mbao tatu za kubadilisha, motere haijawaka tangu mwaka fulani. Kwa mwenye kutaka kuitengeneza, ubovu unaojulikana ni hesabu tu. Ubovu uliofichwa ni ugomvi.

Na kabla ya kuuza, familia ijiulize kama kuna fundi kijana anayeweza kujifunza kazi juu ya boti hiyo hiyo. Mafundi wa mbao waliobaki pwani ni wazee, na boti moja inayotengenezwa mbele ya vijana inafundisha kupita maneno mengi.

Wakongomani waliivuta Mimi na Toutou juu ya Mitumba kwa mikono yao, kisha historia ikaandikwa bila majina yao na bila ubao mmoja kubaki Kalemie wa kuikumbusha. Boti zinazooza leo kwenye mchanga bado zina wenyewe, na wenyewe bado wanakumbuka. Kalamu na daftari havigharimu kitu kikubwa.