Karanga za Kongwa na Baiskeli ya Arusha

Biashara za wanafunzi zivukapo mipaka ya nchi, aghalabu husifiwa kwa wingi wa mtaji zilioupata. Mimi naona sifa hiyo imewekwa pasipo pake, na ushahidi wangu wa kwanza hautoki chuoni bali Kongwa, hapa Ugogo.

Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukarejea Uingereza na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka uliofuata matrekta yalikuwa yaking'oa vichaka Kongwa. Fedha ilikuwa tele. Wagogo, ambao njaa ya Mtunya ya 1917–1920 ilikuwa haijawatoka kumbukumbuni, waliijua hiana ya mvua ya nchi yao, lakini elimu yao haikuwamo katika hesabu. Kiangazi kilipofika udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama jiwe, na karanga zikang'ang'ania ardhini. Mpango ukaachwa mwaka 1951, kwa hasara ya kiasi cha pauni milioni 36.

Miaka sitini hivi baadaye biashara nyingine ya kigeni iliingia nchi hii kwa mlango mdogo mno. Katika chuo cha MIT, Marekani, Amy Smith alikuwa ameanzisha mwaka 2002 somo liitwalo D-Lab, ambalo huwapeleka wanafunzi ng'ambo wakaunde vyombo pamoja na watakaovitumia. Kwa njia hiyo Jodie Wu, angali mwanafunzi, alifika Arusha akashughulika na mashine ya kupukuchua mahindi ifungwayo kwenye baiskeli ya kawaida. Mwaka 2009 kampuni yake, Global Cycle Solutions, ilishinda tuzo katika mashindano ya biashara ya MIT, ikaweka makao Arusha. Huko walikuwapo mafundi wa kusahihisha mawazo ya darasani, kama Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli aliyebuni chaja ya simu iendeshwayo na gurudumu. Chuo kilitoa kitu ambacho benki haikopeshi: muda wa kujaribu na kukosea.

Sisemi kwamba mashine ile iliibadili nchi. Mahindi hupukuchuliwa kwa msimu, na baadaye kampuni ikageukia taa za jua. Lakini iliweza kugeuka. Kongwa, pamoja na pauni zake zote, haikuweza.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimo katika mkoa uo huo wa Kongwa. Kutoka hapa hadi soko la nafaka la Kibaigwa, ambako mahindi hununuliwa hata na wageni wa nchi jirani, ni safari fupi ya basi. Mwanafunzi wetu atakaye kuvuka mpaka aweza kuanzia hapo, miongoni mwa wapimaji na wachukuzi, majuma kadha wa kadha. Sijui kama tutayahesabu majuma hayo kuwa ni masomo, au tutamwandikia kuwa hakuhudhuria darasa.