Manx Norton: kiwanda kiliiacha, mafundi wakaibeba

Novemba 2025, katika maonyesho ya pikipiki ya Milan nchini Italia, kampuni ya Norton ilizindua pikipiki ya kifahari iitwayo Manx R. Injini yake ina silinda nne. Norton ni ya Uingereza, lakini tangu mwaka 2020 inamilikiwa na TVS ya India, kampuni ileile ambayo bodaboda zake za silinda moja zimeenea Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Jina la Manx, hata hivyo, lina wenyewe. Kwa wapenzi wa pikipiki za mbio ni jina la mashine ya silinda moja iliyokoma kutengenezwa kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambayo imeendelea kuundwa upya, kipande kwa kipande, katika karakana ndogo za watu binafsi. Kulibandika jina hilo kwenye silinda nne ni kusahau kwamba Manx ilijipatia heshima yake kwa kupambana na silinda nne.

Kampuni ya Norton ilianzishwa mwaka 1898 na James Lansdowne Norton mjini Birmingham. Mwaka 1907, katika mashindano ya kwanza kabisa ya TT ya Kisiwa cha Man, Rem Fowler alishinda daraja la silinda mbili kwa Norton yenye injini ya Peugeot. Baada ya hapo kiwanda kilijikita kwenye silinda moja. Mwaka 1927 Walter Moore alibuni injini ya CS1, iliyokuwa na kamshafti juu ya kichwa cha silinda. Moore alipohamia NSU ya Ujerumani, Arthur Carroll aliichora upya akishirikiana na Joe Craig, mkuu wa timu ya mbio. Injini ya Carroll ndiyo mama wa Manx. Katika miaka ya 1930 Tim Hunt, Stanley Woods, Jimmie Guthrie na Freddie Frith waliitumia kutawala Kisiwa cha Man, na mwaka 1938 Harold Daniell aliweka rekodi ya mzunguko iliyodumu hadi mwaka 1950. Jina la Manx lilitokana na Manx Grand Prix, mashindano ya waendeshaji wasiolipwa yanayofanyika kisiwani humo, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wateja. Vita vikaja, Norton ikageukia pikipiki za jeshi.

Injini yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuitengeneza. Silinda ni moja, imesimama wima. Ubavuni mwake, upande wa kulia, hupanda shafti ndefu yenye gia za pembe kila ncha, ikipeleka mzunguko kutoka krankshafti hadi kichwani. Tangu mwaka 1949 wateja waliuziwa injini yenye kamshafti mbili, moja ya vali ya kuingiza na nyingine ya kutoa. Springi za vali ziko nje, hazina kifuniko, kwa hiyo mafuta hupenya na kumrukia mwendeshaji. Ilainishwapo kwa mafuta ya nyonyo, kama ilivyokuwa desturi ya mbio za zamani, moshi wake huacha harufu ambayo waliokuwa pembeni mwa njia hawaisahau. Kulikuwa na ukubwa wa aina mbili: cc 350 na cc 500. Toleo la mwisho la 500 lilikuwa na kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 85.6, likitoa takriban nguvu ya farasi 50 kwa uzito wa pikipiki nzima wa kilo 140 hivi. Ugumu uko kwenye kupanga zile gia za pembe. Fundi huongeza na kupunguza vipande vyembamba vya chuma hadi meno yashikane bila kubana wala kulegea, na anayeharakisha kazi hiyo hula hasara ya injini nzima.

Jambo lililoitoa Manx kwenye kundi la pikipiki nzuri na kuiweka mahali pa peke yake halikuwa injini, bali fremu, na fremu hiyo haikutoka kichwani mwa mtu wa kiwandani. Aliyeibuni ni Rex McCandless wa Belfast, Ayalandi ya Kaskazini, fundi aliyejifunza mwenyewe, asiye na shahada ya uhandisi na asiyeogopa wakubwa. Wakati huo Norton za mbio zilitumia fremu nzito iliyopachikwa jina la geti la bustani, ambayo nyuma ilikuwa na springi za kupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu. Norton ilikuwa ikijitangaza kwamba haikaribiki, na kwamba hakuna pikipiki duniani inayoshika barabara kama yake. McCandless alimwendea mkurugenzi wa kampuni, Gilbert Smith, akamwambia waziwazi kwamba madai yote mawili si kweli, na kwamba yeye anayo pikipiki iliyo bora kuliko zake kwa mbali.

Kwa masimulizi ya McCandless, kikwazo kikubwa kilikuwa Joe Craig. Craig naye alikuwa mtu wa Ayalandi ya Kaskazini, bingwa wa kuitoa nguvu injini ambayo wengine walidhani imefika mwisho, lakini hakufurahia mgeni kuingia kwenye himaya yake. Ubishi ulipelekwa Kisiwa cha Man. Artie Bell, rafiki wa McCandless tangu Belfast, alipewa pikipiki mpya; kijana Geoff Duke akapewa ya geti la bustani. Smith, Craig na McCandless wakasimama kwenye kona ya Kate's Cottage, mahali njia inapoteremka kutoka mlimani. Duke alipopita alihitaji upana wote wa barabara. Bell alimpita kwa nje, gesi ikiwa wazi kabisa, pikipiki imetulia. Hoja iliyosalia ilikuwa kwamba fremu hiyo nyepesi ingekatika. Wakaipeleka kwenye uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris, wakaizungusha siku mbili kwa zamu. Injini zilichoka, fremu ikastahimili.

Craig alishindwa kwa ushahidi, na ni haki kusema kwamba baada ya hapo aliifanya fremu hiyo ishinde. Kiwanda chenyewe hakikuwa na vifaa vya kuitengeneza, kwa hiyo fremu za timu ziliungwa na McCandless na watu wake waliotoka Belfast. Umbo lake lilikuwa mabomba mawili ya chuma cha Reynolds, kila moja likizunguka injini na kurudi, yakipishana penye shingo ya usukani. Nyuma kulikuwa na mkono unaocheza juu ya shokapu mbili. Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kulala kwenye godoro la manyoya ya ndege, na fremu ikabaki na jina hilo hadi leo. Katika TT ya mwaka 1950 Norton zilishika nafasi tatu za kwanza katika daraja la 350, zikarudia katika daraja la 500. Duke angekuwa bingwa wa dunia mwaka huohuo kama tairi zake zisingebanduka ngozi Ubelgiji na Uholanzi. Alipungukiwa na pointi moja tu. Mwaka 1951 alitwaa ubingwa wa madaraja yote mawili.

Huo ulikuwa upeo. Gilera na MV Agusta za Italia zilikuwa na silinda nne na nguvu zaidi, na mwaka 1953 Duke mwenyewe alihamia Gilera. Ray Amm, mzaliwa wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, aliendelea kuishindia Norton kwa ujasiri uliowatia watu hofu: alishinda TT mbili mwaka 1953 na moja mwaka 1954. Mwisho wa mwaka huo timu ya kiwanda ikajiondoa kwenye mbio kubwa za dunia. Amm alijiunga na MV Agusta na kufariki katika mbio zake za kwanza huko Imola mwaka 1955.

Kuanzia hapo hadithi si ya kiwanda tena, na hapa ndipo wanaodharau pikipiki za kunakili wanapoteleza. Kiwandani Doug Hele aliendelea kuiboresha injini mwaka hadi mwaka, lakini kazi ya kuifanya Manx ishinde ilihamia kwa mafundi binafsi: Francis Beart, Steve Lancefield, Ray Petty, Bill Lacey. Hawa walinunua Manx mpya, wakaibomoa siku ileile, wakapima kila kipande na kutupa kisichowaridhisha. Mwaka 1960 Derek Minter, akiwa juu ya Norton iliyoandaliwa na Lancefield, alikuwa wa kwanza kuzunguka njia ya TT kwa zaidi ya maili 100 kwa saa akitumia silinda moja. Mwaka uliofuata Mike Hailwood, kwa injini iliyoandaliwa na Lacey, alishinda mbio za 500 baada ya MV Agusta ya Gary Hocking, kijana mwingine aliyekulia Rhodesia, kuharibika. Wastani wake kwa mbio nzima ulivuka kilomita 160 kwa saa. Phil Read alishinda daraja la 350 wiki hiyohiyo, pia kwa Norton.

Manx nyingi zilivunjwa vipande zikiwa bado mpya. Sababu ilikuwa magari. Mashindano ya magari madogo ya mbio ya 500 yalikuwa yamepamba moto Uingereza. Stirling Moss alipitia humo, na Bernie Ecclestone pia. Magari ya Cooper yalikuwa mepesi, na injini bora ya kuyasukuma ilikuwa ya Manx. Norton haikuuza injini peke yake. Aliyeitaka alilazimika kununua pikipiki nzima, akang'oa injini na kubaki na fremu. Fremu hizo zilizoachwa ziliokotwa na vijana waliozitia injini za Triumph za silinda mbili, na hapo ikazaliwa Triton. Wengi waliiona kuwa pikipiki ya mitaani tu, mpaka Dave Degens na Rex Butcher walipotumia Triton ya karakana ya Dresda kushinda mbio za saa 24 za Barcelona mwaka 1965. Kwa hiyo ndoa ya fremu na injini ilivunjika tangu miaka ya 1950, kwa mikono ya wateja wenyewe, na namba za injini na za fremu za Manx nyingi hazijawahi kulingana tena.

Kampuni ya AMC, iliyokuwa ikimiliki Norton tangu miaka ya 1950, ilisimamisha Manx na kuhamisha Norton kutoka Birmingham kwenda London. AMC nayo ilianguka mwaka 1966. Colin Seeley, bingwa wa mbio za pikipiki zenye kibehewa cha pembeni, alinunua idara ya mbio: vipuri, michoro na vifaa vya Manx na vya pikipiki nyingine mbili za mbio za AMC, AJS 7R na Matchless G50. Seeley aliichagua G50, akaiundia fremu nyepesi yake mwenyewe, na Dave Croxford akatwaa nayo ubingwa wa Uingereza mwaka 1968 na 1969. Sehemu ya Manx aliiuza mwaka 1969 kwa John Tickle, na baadaye ikafika kwa kampuni ya Unity Equipe. Mwaka huohuo wa 1969 Godfrey Nash alishinda mbio za dunia za 500 huko Opatija, Yugoslavia, kwa Manx. MV Agusta hazikuwepo, lakini ushindi ni ushindi, na hakuna pikipiki ya silinda moja iliyoshinda tena mbio za dunia za daraja hilo.

Jinsi Manx ilivyookolewa baada ya hapo inaelezeka kwa ufupi. Mwaka 1983 Manx Grand Prix ilianzisha mbio za pikipiki za kale, na mahitaji ya vipuri yakapanda ghafla. Mwaka 1994 Andy Molnar wa Lancashire alianza kutengeneza vipuri vya Manx kwa vipimo vya kiwanda vya 1961 na 1962. Mwaka 1995 injini nzima ya 500 ikakamilika. Wengine waliunda G50 na fremu za Seeley kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2002 Barry Sheene, bingwa wa dunia mara mbili aliyekuwa tayari anaugua saratani, alishinda mbio za pikipiki za kale huko Goodwood, Uingereza, akiwa juu ya Manx, miezi michache kabla ya kifo chake.

Atengenezaye Manx leo huanza na michoro, kisha kielelezo cha kusubia, kisha kuchonga kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Fremu huungwa upya kwa mabomba yenye kipenyo kilekile. Anayetaka kushindana huongeza plagi ya pili kichwani, kuwasha moto kwa umeme badala ya magneto, mkanda badala ya cheni ya msingi, na gia sita badala ya nne. Anayetaka uhalisi huacha yote hayo. Hata pikipiki zinazoitwa za asili mara nyingi hazina namna ya kukwepa kazi ya karakana hizo: vifuniko vya magnesiamu vya Norton huliwa na kutu na kupasuka kadiri miaka inavyopita, na hakuna mwendeshaji mwenye busara anayeendesha mbio kwa fimbo ya pistoni yenye umri wa miaka 60.

Ugomvi hubaki kwenye mauzo. Namba za injini na fremu zilizogongwa Birmingham huongeza bei kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana wapo wasio waaminifu wanaogonga namba za zamani kwenye chuma kipya. Huo ni udanganyifu, na vyama vya wapenzi wa pikipiki hizi vina haki ya kuukemea. Mtengenezaji wa wazi ni mwingine: namba zake ni zake, na kazi yake humilikiwa kwa jina lake. Mnunuzi makini hulinganisha namba mbili na kumbukumbu za kiwanda, hukagua maungio ya fremu na aina ya chuma cha vifuniko, kisha hudai historia ya mbio iliyoandikwa. Ikikosekana, hulipa bei ya pikipiki iliyoundwa upya.