Patenti, rejista na daftari: namna karatasi ya biashara ndogo ilizaliwa kwetu

Leo tuache kidogo mbegu na mbolea, ba ndugu na ba dada, tuongelee karatasi. Ile karatasi mama wa soko anafunga mu nailoni na kuficha chini ya sanduku, anaitoa tu siku agenti wa komine anapita. Patenti. Wengi wetu tunaijua kama kodi moja kati ya kodi nyingi, basi. Lakini iko na historia yake, na hiyo historia inaeleza juu ya nini mpaka leo mtu wa Kadutu ao wa Birere akisikia "nenda kuandikisha biashara yako", anafikiri kwanza njia ya kukimbilia.

Wakati wa Wabelgiji sheria za biashara zilikuja mapema. Dekreti ya 31 Julai 1912 iliomba mfanyabiashara ashike vitabu vya hesabu. Ile ya 2 Agosti 1913 ikaeleza nani anaitwa mfanyabiashara, na namna gani deni la biashara linahakikishwa. Kwa maandishi ilikuwa safi. Ila tujiulize nani alikuwa na duka ile wakati: kampuni za Wazungu, Wagiriki, Wareno, Wahindi. Mtu wetu alikuwa kapita. Aliuzisha mali ya mwingine, na kama alijua kuhesabu, alihesabia mwingine.

Kwa mulimaji ilikuwa ngumu zaidi. Tangu 1917 kulikuwa mazao ya lazima, na dekreti ya 1921 juu ya pamba iligawanya inchi kwa maeneo: kila kampuni ya kutoa mbegu za pamba ilipata eneo lake, na mulimaji wa pale hakuwa na ruhusa ya kuuzia mwingine. Alilima kwa lazima, aliuza kwa lazima. Leseni ilikuwepo, tena na muhuri mzuri, lakini ilikuwa ya mnunuzi. Mimi nikisoma historia ya agronomia yetu, hapo ndipo ninaona mwanzo wa ile woga: karatasi ya Leta ilifika kijijini kama kitu cha kumufunga mtu, haikufika kama kitu cha kumulinda.

Milango ilifunguliwa kwa kuchelewa. Rejista ya biashara iliwekwa na dekreti ya 6 Machi 1951. Mwaka wa 1953 Mwafrika akaruhusiwa kumiliki kiwanja kwa jina lake, na dekreti ya Machi 1956 ikapanga mambo ya koperative. Uhuru ulifika 1960. Hesabuni wenyewe: miaka tisa, saba, ine. Kwa muda huo mfupi nani angeweza kujifunza kushika vitabu, kupata krediti, kuweka nyumba kuwa dhamana?

Sasa tufike 1973, maana pale ndipo kidonda kikubwa. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza mipango yenye tunaita zairianisation: maduka, mashamba ya kahawa na ya chai, nyumba za biashara za wageni zipewe Wazaire. Wenye kupokea waliitwa ba acquéreurs. Wazee wetu wanapenda kusema: "Mwaona, Mweusi alipewa duka, akala mtaji, mambo ikaisha." Nakataa hiyo maelezo, ao tuseme iko nusu tu. Mali haikupewa wale walijua kazi. Ule kapita mwenye alikaa miaka mingi nyuma ya kontwari, mwenye alijua nani anadaiwa na nani analipa, mara nyingi alibaki pembeni. Walichukua wakubwa wa chama cha MPR, wa serikali, na jamaa zao. Na duka si vitu vya kwenye rayoni tu. Duka ni krediti ya fournisseur, ni daftari ya wadeni, ni tarehe ya kuagiza mali ingine. Fournisseur alikuwa amemuaminia mwenye duka wa kwanza yeye mwenyewe; huyo akienda, krediti inaenda naye. Acquéreur mwingi aliuzisha stoki, akakula, na rayoni ikabaki na vumbi. Disemba 1974 Leta ikajaribu kurudisha mambo mikononi mwake kwa ile iliitwa radicalisation, na mu 1976 ikaanza kurudishia wageni mali yao. Miaka mitatu tu, lakini ilitosha kwa kuua imani.

Kisha ndipo patenti ya leo ilipata sura yake. Ordonansi-sheria ya 2 Agosti 1979, yenye ilibadilishwa mu 1990, iliweka biashara ndogo kuwa haki ya wenyeji peke yao, kwa sharti ya kuwa na patenti, bila kupita kwenye rejista ya biashara. Ni ulinzi, sikatai. Lakini angalia vizuri: mtu wa rejista iko na namba, anaweza kufungua konti kwa jina la biashara, anaweza kuingia kwenye soko ya Leta. Mtu wa patenti iko na ruhusa ya kukaa sokoni. Ile sheria ilimupa mchuuzi mlango wake, ni kweli, ila ni mlango wa nyuma.

Na ba mama? Masoko yetu ni yao, kila mtu anajua. Lakini Code de la famille ya 1 Agosti 1987 ilitaka mwanamke wa ndoa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya kitendo cha sheria chenye kumfunga. Mama alisomesha watoto wote kwa mchele na mafuta ya ngazi, halafu kwa kuandikisha ile biashara anaombwa sahihi ya mtu mwenye hajui hata bei ya ekopo moja. Hiyo ruhusa iliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016. Ni juzi tu, ba ndugu. Mpaka sasa kuna maofisi mu vijiji inaiomba bado, kwa mazoea ao kwa kutafuta kitu kidogo.

OHADA iliingia kwetu tarehe 12 Septemba 2012, na pamoja nayo RCCM na Guichet Unique. Kitu chenye watu wachache wanajua: sheria ya OHADA inatambua mtu anayeitwa entreprenant. Huyu hahitaji kuandikishwa kama kampuni, anatangaza tu kazi yake na kupewa namba. Ila anaombwa daftari: kila siku aandike pesa iliingia na pesa ilitoka, na kama anauzisha mali, aandike manunuzi yake na kuchunga ba facture. Mu 2013 Leta iliongeza kodi maalum ya biashara ndogo: ile wakati mwenye kuuza chini ya milioni 10 ya franga kwa mwaka alipaswa kulipa 50.000; kutoka hapo mpaka milioni 80, alipaswa kulipa asilimia 1 kwa mali na asilimia 2 kwa huduma. Mwenye hakuwa na daftari angehakikisha namna gani kwamba hafiki milioni 10? Agenti ndiye angemuhesabia, na tunajua hesabu ya agenti inapenda kupanda.

Dhamana nayo iko na shida yake. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, na karatasi yenye banki inataka ni certificat d'enregistrement. Mu Bushi mulimaji iko na kalinzi: alitoa ngombe kwa mwami ao kwa mukubwa wa pale, na jirani wote wanajua mipaka. Banki inacheka tu. Kwa hiyo tunabaki na likelemba na na ile krediti ya kikundi, kila mtu dhamana ya mwenzake.

Kahawa ya Kalehe na ya Idjwi inaonyesha bei ya haya yote. Kwa miaka mingi wakulima walivusha magunia usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, juu huku kodi zilikuwa nyingi na mnunuzi alilipa kidogo. Ziwa lilikula watu, liliacha wajane. Koperative kama SOPACDI zilipokuja na vituo vya kuosha kahawa, zilileta pia daftari: jina, tarehe, kilo za matunda mekundu, bei, sahihi ao kidole. Soko la kahawa la Ulaya na la Marekani lenye linalipa vizuri linaomba ile karatasi, kusudi lijue kahawa imetoka kwa nani. Na kwenye ile orodha, wajane wa ziwa wako kwa majina yao wenyewe, pamoja na kilo zao.