Uongozi wa Shughuli za Sanaa Kivu ya Kaskazini: Goma na Njia ya Mweso

Wanahistoria wa sanaa zetu wamezoea kuwataja waimbaji na kuwasahau wanaosimamia jukwaa. Katika Kivu ya Kaskazini usahaulifu huo una madhara, kwani huko kiongozi wa shughuli za sanaa hupima kwanza usalama wa mji, kisha ndipo huuliza nani ataimba.

Mfano ulio wazi ni Tamasha la Amani la Goma. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Novemba 20, 2012, wakauacha mapema Desemba. Waandalizi, miongoni mwao Mbelgiji Eric de Lamotte, walipanga tamasha lifanyike mwaka 2013. Mapigano yakarudi karibu na mji, nalo likaahirishwa hadi Februari 2014, baada ya M23 kushindwa Novemba iliyotangulia. Kwa maoni yetu, kuahirisha huko kulihitaji ustadi kuliko onyesho lenyewe. Anayefuta hudaiwa mara moja akapumzika; anayeahirisha hubaki na wafadhili, wanamuziki na watu wa kujitolea, wote akiwashika kwa ahadi tu.

Uamuzi wa pili ulihusu kiingilio: dola moja ya Marekani kwa siku. Kiasi hicho hakilipi jukwaa wala vipaza sauti, hivyo mzigo huangukia wafadhili. Zanzibar inaonyesha hatari yake: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa ukosefu wa fedha, likarejea mwaka 2017. Na huko hapakuwa na vita.

Sasa tutazame Mweso, wilayani Masisi. Njia ya kutoka Goma hupita Sake na Kitchanga, na kwa mpiga ngoma wa huko nauli ndiyo kiingilio halisi (kama njia inapitika). Januari 2024 mabomu yaliangukia Mweso na kuua raia. Januari 2025 M23 waliingia tena Goma. Kwa hiyo swali la uongozi hapa si namna ya kuwaleta watu wa Mweso mjini, bali ni nani atakayeweza kusimamia jukwaa dogo Mweso kwenyewe. Waliojifunza kazi hiyo Goma wapo. Daftari zao za hesabu, orodha za watu wa kujitolea na barua kwa wafadhili zinastahili kukusanywa mapema kuliko nyimbo, maana nyimbo zina watu wengi wa kuzikumbuka.