Ndevu za Mwanamke: Historia ya Sukari, Uzi na Sumu

Wenzangu, leo tuongelee jambo ambalo wadada wengi wanalificha chini ya kitambaa: nywele zinazoota kidevuni, juu ya mdomo au kifuani. Kambini msichana wa hivyo anaitwa dume-jike, au watu wanasema karogwa. Ndiyo maana wengine wanakimbilia dawa yoyote inayouzwa sokoni. Kabla hujapaka kitu usoni, soma kwanza waliotutangulia walipitia nini. Wapo waliotumia akili, na wapo walioumizwa.

Kutoa nywele si mambo ya juzi. Kwenye makaburi ya Misri ya kale wamefukua nyembe za shaba. Misri na nchi za Waarabu, kina mama wanapika sukari, maji na limau mpaka inakuwa nzito kama ulimbo. Wanaita halawa. Ikipoa wanaibandika kwenye ngozi na kuivuta, nywele zinatoka na mizizi yake. Iran na India wanatumia uzi wa pamba: wanausokota, unakamata nywele na kuzing'oa. Zamani Iran msichana hakutolewa nywele za uso mpaka karibu na harusi, kwa hiyo uso laini ulikuwa alama ya mke wa mtu. Hata Pwani ya Waswahili, bibi harusi anatolewa malaika ya mwilini, anasingwa kwa singo na kupakwa hina. Njia hizi haziponyi. Nywele zinaota, unatoa tena. Ila haziui mtu.

Lakini si kila cha asili ni salama. Kwenye mabafu ya Waturuki, enzi za dola ya Osmani, walichanganya chokaa na jiwe la njano lenye aseniki. Nywele zilitoka kweli, ila aseniki ni sumu, na chokaa ikikaa sana inaunguza. Jiwe lile lilitoka ardhini, asili kabisa! Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ya asili", muulize ndani kuna nini.

Na si kila cha kisasa ni salama. Eksirei iligunduliwa 1895, na haikupita muda wakaona inadondosha nywele. Miaka ya 1920 huko Marekani, daktari mmoja wa New York, Albert Geyser, alileta mashine iliyoitwa Tricho, ikawekwa kwenye saluni. Wanawake walikaa mbele yake bila kusikia maumivu, wakafurahi. Baadaye wakaanza kutoka makovu, vidonda, wengine saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja krimu ya Koremlu. Ndani yake kulikuwa na thaliamu, sumu iliyokuwa ikiulia panya. Waliopaka, wengine walipooza miguu, wengine nywele za kichwani zikaisha. Visa kama hivyo vilichangia Marekani kupata sheria ya 1938 iliyoanza kusimamia vipodozi.

Sasa, kwa nini zinaota? Mwaka 1935, madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza habari za wanawake 7 waliokuwa na vifuko vingi kwenye ovari na matatizo ya hedhi. Baadhi yao walikuwa na nywele nyingi. Leo tunajua ni homoni, si uchawi. Na hali hiyo inaweza kuleta shida ya kupata mimba, hata kisukari. Wengine ni urithi tu wa familia, hawaumwi kitu.

Chai ya nanaa je? Imepimwa. Uturuki, 2007, wanawake 21 walikunywa kwa siku 5, homoni za kiume zikashuka. Uingereza, 2010, wakarudia kwa siku 30. Homoni zilishuka tena, ila madaktari walipopima nywele hazikuwa zimepungua. Kunywa ukipenda, ila usingoje muujiza.

Hapa kwetu hatari kubwa ni mkorogo. Krimu nyingine za kujichubua zina steroidi kali, na ukizipaka usoni muda mrefu zinaweza kuotesha nywele zenyewe. Yaani umenunua weupe, umepata ndevu.

Basi, ukitaka kutoa, wembe unatosha: uwe mpya, wa peke yako, usiazimane. Haufanyi nywele ziwe nene. Mtafiti Mildred Trotter alishalipima hilo mwaka 1928. Halawa nayo nzuri, ila ipoe kabisa, na usibandike penye chunusi au kidonda. Mwenye uzito mkubwa, kuupunguza kidogo kunaweza kusaidia homoni. Ukiona hedhi inaruka miezi, sauti inakuwa nzito, au nywele zimekuja ghafla, nenda zahanati. Usione aibu kusema.

Na sisi vijana wa kiume tuache hilo jina la dume-jike. Dada anayechekwa leo ndiye kesho anapaka sumu usoni, na sisi tutakuwa tumemsukuma.