Ijue Git, mlinzi wa kazi ya mwandishi wa programu

ANAYEJIFUNZA kuandika programu za kompyuta mjini Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, anaijua adha ya umeme kukatika. Miji hiyo ilitegemea jenereta kwa miaka mingi, hadi ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022.

Git ni mfumo unaotunza kila toleo la kazi. Ulibuniwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland na mwanzilishi wa Linux. Tofauti na mifumo iliyoutangulia kama CVS, historia yote hukaa katika kompyuta ya mwandishi, hivyo haihitaji intaneti kila wakati.

Anayeanza hutosheka na amri tatu. “Git init” hufungua hifadhi ndani ya folda, “git add” huteua mafaili ya kutunzwa, na “git commit” huyatunza pamoja na maelezo mafupi ya kilichobadilika. Akiharibu leo, atarejea toleo la jana.

Hata hivyo, kompyuta ikiibwa au kuungua, historia hupotea nayo. Kwa hiyo, mtandao unapopatikana, amri ya “git push” hupeleka nakala kwenye hifadhi iliyoandaliwa katika kompyuta nyingine.